Naomba Giga Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua daftari jipya leo kwa sababu wiki hii itakuwa kubwa na lazima awepo mtu wa kuiandika. Nimejiteua.

Mambo yalivyo. Mwezi uliopita baba mkwe wangu alipanda ngazi kubadilisha balbu, akateleza, mguu ukavunjika mahali pawili. Daktari kaamuru alale hadi katikati ya Aprili. Lakini si mguu unaomtesa. Rafiki yake wa miaka thelathini, karani mstaafu wa posta ambaye sote tunamwita Nahodha, amehamia kwa binti yake, mji wa mbali. Kila Jumamosi wazee hawa walikuwa wakicheza Visiwa. Ni mchezo wa ubao: ramani ya bahari, visiwa vya kuteka, meli ndogondogo za plastiki na kete mbili. Sasa Mzee analala kaelekea ukutani. Mama mkwe anasema hata chai haimalizi.

Visiwa huchezwa na watu watatu. Wa tatu ni Mwanyumba, yaani mume wa mdogo wake mke wangu. Mimi nimeoa katika nyumba ile miaka kumi na moja iliyopita. Yeye ana miaka minne tu ya ndoa. Hata siku moja Mzee hajaniambia nivute kiti. Kazi yangu ni kuleta maji ya kunywa, kisha kusimama nyuma ya viti nikitoa ushauri ambao haufuatwi. Inaniuma. Naandika hivyo humu kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jana baada ya chakula Mama mkwe alituambia kwamba Nahodha amewekewa Visiwa ndani ya kompyuta, bure kabisa, na sasa anaweza kucheza na mtu aliye popote. Mwanyumba ana kibanda cha kutengeneza simu. Akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nilisimama, nikajipiga kifua, nikasema kazi hiyo ni yangu, kwamba kompyuta nimezisomea, na kwamba Jumamosi saa nne asubuhi Mzee atakuwa baharini. (Nilizisomea siku mbili. Siku ya pili umeme ulikatika.)

Mzee akageuka kutoka ukutani. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, Baba.

Mpango wangu ni mwepesi. Aliyetandika meza hawezi kuambiwa asimame. Nikishaiweka programu na ikafanya kazi, kiti cha tatu ni changu.

Mwanyumba alisema tu kwamba nikikwama nimpigie simu. Akatabasamu. Nalijua tabasamu lile.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kazini mapema kidogo. (Niliacha ujumbe mlangoni kwamba niko stoo ya nyuma. Hatuna stoo ya nyuma.)

Programu nimeipata. Wanaiita programu huria. Maana yake ni kwamba imeandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuichungulia ndani, hata kuirekebisha. Hakuna fomu. Hakuna mhuri. Mimi ni mtunza stoo wa chuo cha ufundi mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwangu hata msumari hautoki bila sahihi tatu. Nilisita. Mwishowe niliandika kwenye karatasi, "Programu, moja, imepokelewa ikiwa nzima," nikatia sahihi mwenyewe, nikaibandika nyuma ya kompyuta.

Nikabofya. Kimya. Nikabofya tena. Kikatokea kidirisha kinachosema kwamba programu hii haisimami peke yake, inataka programu nyingine ya kuibeba, toleo la kumi na saba. Nikaenda kulitafuta. Nikakuta lipo pia toleo la ishirini na moja. Nikachukua la ishirini na moja, maana ni kubwa zaidi na bei ni ileile ya bure. Ikakataa. Nikarudi kuchukua la kumi na saba, shingo upande. Ikafunguka.

Halafu ramani. Ndani imo ramani ndogo ya visiwa ishirini, tayari kwa matumizi. Lakini Nahodha, nilipompigia simu, alisema yeye na Mzee hawachezi kwenye dimbwi. Wao ni Ramani Kuu, visiwa mia tatu. Nikaipakua. Nikaiweka mahali pake kwa utaratibu unaokubalika: folda ya Vifaa, ndani yake Michezo, ndani yake Bahari, ndani yake Rafu ya Pili. Programu ikasema haioni ramani yoyote. Nilibishana nayo saa nzima. Kumbe inataka kila ramani irundikwe kwenye folda moja tu, ile yake. Mtu akinipangia stoo namna hiyo nampa barua ya onyo. Nikairundika.

Ikaanza. Bahari ikatanda. Visiwa vikawa vinaibuka kimoja kimoja, nami nikawa navihesabu kwa sauti. Kufika mia moja na arobaini vikakwama. Kikaja kidirisha: "Kumbukumbu haitoshi." Programu ikajifunga yenyewe.

Mke wangu, ambaye hugawa dawa katika zahanati, aliuliza kutoka jikoni kama kuna mgeni, maana alisikia nabembeleza mtu. Nikasema ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekesha na wazo hili na asubuhi likawa wazi. Kumbukumbu haitoshi maana yake nafasi haitoshi. Na nafasi ni fani yangu. Stoo ikijaa, unatoa vitu.

Nilianza na picha za harusi ya Mwanyumba. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Sikuanza nazo kwa chuki, zilikuwa juu. Nilifuta moja moja mpaka ile anayokatiwa keki, nikaona muda unapotea, nikazifuta zote kwa mkupuo. Nikafuta na risala za mkutano wa wazazi. Kompyuta ikawa nyeupe. Nikafungua Visiwa kwa moyo mweupe vilevile.

Mia moja na arobaini. "Kumbukumbu haitoshi."

Kazini nako mambo yalikwenda mrama. Lazima nieleze. Makao makuu hukata nusu ya kila ombi. Hilo linajulikana na kila mtunza stoo aliyewahi kushika kalamu. Ukitaka mifagio arobaini unaomba themanini, wao wanakata, wewe unapata arobaini, na heshima inabaki pande zote mbili. Mimi mwezi uliopita nilihisi hali ni ngumu, nikaomba mia moja na sitini. Leo saa tatu likaingia lori. Mifagio mia moja na sitini, imetimia, hakuna hata mmoja uliokatwa. Inasemekana ofisi ya ugavi ina bibi mpya, ametoka shuleni juzi, na yeye anaamini kilichoandikwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuharibu nchi.

Mifagio imejaa hadi mlango haufungiki. Chaki ziko nyuma yake na hazifikiki. Mkuu wa chuo alipita, akatazama, akauliza kama nimepata habari za vumbi ambazo yeye hajazipata. Nikacheka ili ajue nimeelewa utani. Hakuwa anatania.

Jioni nimeandika kwenye jukwaa la mtandaoni ambako wachezaji wa Visiwa husaidiana. Nimejiita Bwana Stoo. Nimeeleza tatizo kwa kirefu, pamoja na historia yangu ya kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejibiwa na mtu anayejiita Kobe. Inaonekana ni mmoja wa wale wa kujitolea. Anaandika kwa ufupi, bila salamu.

Kobe anasema nimechanganya vitu viwili. Anasema stoo ni mahali pa kuhifadhi, na kumbukumbu ni kaunta ya kupangia vitu wakati wa kazi. Ukisafisha stoo, kaunta hairefuki. Nakiri amelieleza vizuri, ingawa angeweza kulisema kabla sijafuta risala. Anasema programu imeruhusiwa kutumia giga moja tu, na Ramani Kuu haienei humo. Nifungue faili la mipangilio, nitaona mstari wenye namba 1, niifute, niandike 2. Akauliza pia kompyuta yenyewe ina giga ngapi kwa jumla.

Nikaangalia. Ina nne.

Sasa hapa ndipo uzoefu unapohitajika. Huyu Kobe ni mtu mwema, lakini ni wazi hajawahi kukaa ofisini. Ukiandika mbili, utapewa moja. Moja tunayo tayari! Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Ombi litapita ofisi mbili: kwanza kompyuta, kisha programu. Kompyuta itakata nusu, programu itakata nusu ya nusu. Nikiomba kumi na sita, zitabaki nane, kisha nne. Nne ndizo zote zilizomo. Hesabu imekubali bila salio. Nikaandika 16.

Programu haikufunguka kabisa. Hata ile bahari haikuonekana. Kidirisha: "Imeshindwa kutenga kumbukumbu iliyoombwa."

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi lugha hiyo naijua. Hilo ni katao la kwanza, na katao la kwanza hutolewa kwa kila mtu. Unachofanya ni kuwasilisha upya. Niliwasilisha mara tano. Mara ya sita niliongeza maelezo chini ya namba, ndani ya faili lenyewe: "Tafadhali, ni kwa ajili ya mgonjwa." Kidirisha kilichofuata kilisema faili halisomeki. Nikaondoa mgonjwa.

Nikamwandikia Kobe kwamba nimeomba kumi na sita na nasubiri. Akauliza tena kompyuta ina ngapi. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya ofisi. Akaandika: "Ndugu yangu, andika 2." Nikaona ana haraka, nikamwacha apoe.

Mchana Mama mkwe alipiga simu. Anataka picha moja ya ile harusi, yenye familia nzima, aiweke karibu na kitanda cha Mzee. Nilisema picha zimehamishiwa mahali salama. Nikamweleza mke wangu ukweli huku nikitazama dari. Akaenda kwenye pipa la taka la kompyuta, akazikuta zote mia nne na kumi na mbili zimelala humo, akazirudisha. Sikujua kwamba kompyuta ina pipa. Chuo chetu kingekuwa na pipa la namna ile, mimi ningelala usingizi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naiandika ilivyo.

Mama mkwe alitaka tufanye majaribio leo ili kesho pasiwe na vurugu. Saa kumi na moja jioni nikafika na kompyuta kwapani. Sikuwa na wasiwasi. Ombi langu lilikuwa limekaa siku nzima na nusu, na kwa kawaida siku moja na nusu inatosha.

Nikaingia chumbani. Mzee alikuwa ameketi, mito mitatu mgongoni. Alikuwa amenyolewa ndevu. Mama mkwe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba aliomba mwenyewe anyolewe, tangu aanguke hajawahi kuomba lolote. Nahodha alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, anauliza kama upepo uko sawa upande wetu. Mzee akamwambia upepo uko sawa.

Nikabofya. Kimya. Nikasema inapasha moto. Nikabofya. Kidirisha kilekile. Nikakifunga haraka, nikasema hiyo ni salamu. Nikabofya mara ya tatu, ya nne. Nahodha akauliza kwenye simu kama tumezama. Hakuna aliyecheka.

Mwanyumba alikuwa mlangoni. Akavaa miwani, akasogea. Nikaweka mkono juu ya kompyuta, nikasema samahani, iko kwenye majaribio, haiguswi. Mama mkwe akasema si vibaya mwenzako akitazama. Nikasema mama, hapana, tutaharibu utaratibu.

Hapo Mzee akasema basi. Akasema taratibu tu, bila hasira, kwamba mwanangu usijisumbue, na kwamba Nahodha atafute wenzake wa kucheza nao hukohuko aliko, kwa kuwa hata hivyo ndiko anakoishi sasa. Akaomba aondolewe mto mmoja. Akageukia ukuta. Mama mkwe akachukua kikombe cha chai, kilikuwa kimejaa.

Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimewahi kuitwa mbele ya kamati kwa ajili ya mapipa ya rangi yaliyopungua na sikujisikia hivi.

Mwanyumba alinifuata hadi getini. Alisema nimpe nusu saa tu, hakuna atakayejua, nitarudi nayo mwenyewe. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Nikamwambia asante mwanyumba, iko chini ya udhibiti.

Nilirudi nyumbani na mke wangu. Tulipofika aliomba aone barua za Kobe. Nikampa kompyuta, nikaenda kuoga. Nilipotoka nikamkuta kaketi mezani, miwani ya kazi puani. Akaniuliza mashine ina giga ngapi. Nikasema nne. Akaniuliza nami nimeomba ngapi. Nikasema kumi na sita, na nikamweleza ile hesabu ya ofisi mbili, kwa utulivu, kama ninavyowaeleza wageni.

Akasema zahanatini kwao mtoto wa kilo kumi hapewi dozi ya mtu mzima kwa matumaini kwamba atatema nusu. Nikasema hiyo ni fani nyingine. Akasema, "Haya, baba watoto. Nimeandika mbili." Nikamuuliza mbili nini. Akasema chakula kiko mezani, kinapoa.

Nilikula. Kisha nikafunga kibwebwe. Nikawaandikia waasisi wa programu barua kali ya kurasa mbili, nakala kwa Kobe, nikidai ombi la kumi na sita lipitiwe upya na mtu mwenye mamlaka. Nimeituma saa mbili kasoro. Sasa kilichobaki ni wao na dhamiri zao.

Jumamosi, 8 Machi

Imefunguka!

Saa tatu na nusu asubuhi, kitandani kwa Mzee, mbele ya Mama mkwe na mke wangu. Bahari ikatanda. Visiwa vikaanza kuibuka. Mia moja na arobaini nikafumba macho. Nilipofumbua vilikuwa mia mbili na kumi na vinaendelea. Mia tatu vyote. Hata ile miamba midogo ya kaskazini ambapo mtu hawezi kuegesha kitu.

Barua ya kurasa mbili, na kwa saa kumi na tatu na nusu tu ombi limepita. Makao makuu yetu hayajawahi kufikia kasi hiyo. Nilimwambia mke wangu aone faida ya kuandika kwa ukali lakini kwa heshima. Akasema ameona.

Saa nne kamili Nahodha akaingia. Meli zake za bluu zikatokea kusini. Sauti yake ikatoka kwenye simu, akasema, "Bado u hai, mwizi wa visiwa?" Mzee akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Kinaanza kifuani halafu kinamkohoza. Akaomba mto wa nne. Akaomba chai, akanywa, akaomba nyingine. Kwa zamu ya tatu alikuwa ameteka bandari mbili na anamtukana Nahodha kwa furaha kubwa, Mama mkwe kasimama mlangoni anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mzee akamshika mke wangu mkono. Akamwambia asante mama, nimeambiwa. Nilielewa. Wazee wa rika lake hawawezi kumshukuru mkwe mwanamume usoni, hupitishia kwa binti. Nikainamisha kichwa kidogo kuonyesha kwamba shukrani imefika.

Kisha likaja lile. Mzee akatazama upande wa meli nyekundu, ambazo hazikuwa na mwenyewe. Akanitazama mimi. Akasema, "Mkwe wangu, vuta kiti."

Miaka kumi na moja. Kiti kilikuwa palepale, karibu na mto wake. Niliweka mkono kwenye egemeo.

Simu yangu ikalia. Kule kwenye jukwaa mtu mmoja ameandika: ramani yangu imekwama, inasema kumbukumbu haitoshi, nifanye nini? Dakika sita zimepita na hakuna aliyemjibu. Mtu yuko taabuni, na aliyelimaliza tatizo lilelile asubuhi hiyohiyo amesimama tu na mkono kwenye kiti. Hata Mzee mwenyewe asingetaka nimwache. Nikasema nakuja Baba, dakika tano, anza na visiwa vya kaskazini. Nikatoka barazani.

Nilimwandikia kila kitu. Nadharia ya kukatwa nusu. Ofisi mbili. Umuhimu wa kutoondoka baada ya katao la kwanza. Nikamwekea na mfano wa barua, na nafasi za kujaza jina. Nikamshauri aanze na kumi na sita, na kama ana mtu mgonjwa nyumbani asimtaje ndani ya faili. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiandika. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma.

Niliporudi chumbani Mwanyumba alikuwa kwenye kiti. Alikuwa amepita kumjulia hali Mzee, basi. Meli nyekundu zilikuwa zake na zilikuwa zimeshateka visiwa kumi na vinne. Nikasimama pale mlangoni. Mzee akanitazama juu ya miwani. Akasema waliningoja, zamu nne nzima Nahodha aliziruka zile nyekundu kwa ajili yangu, mwishowe bahari haiwezi kusimama. Hakusema kwa ubaya. Akarudi kwenye mchezo.

Nikaenda kuleta maji ya kunywa.

Jumapili, 9 Machi

Tathmini ya wiki. Kwa ujumla ni mafanikio makubwa. Mzee anacheza. Mguu umepoa, asema Mama mkwe, na leo asubuhi aliulizia Jumamosi ijayo ni tarehe ngapi. Jina langu linajulikana kwenye jukwaa.

Yule mtu wa jana amejibu. Anasema amefuata maelekezo yangu na sasa programu haifunguki kabisa. Nimempongeza. Nimemwambia hiyo ndiyo hatua nzuri, hata mimi niliipitia, sasa aandike barua.

Kobe naye ameniandikia, mara hii kwa salamu. Anasema amefurahi ramani yangu imefunguka, na ananiomba sana, kwa niaba ya wenzake wote, nisimshauri mtu mwingine. Wivu haujifichi hata kwa watu wa kujitolea.

Mke wangu ameniambia wakati anakunja nguo kwamba zimebaki Jumamosi tano kabla Mzee hajaruhusiwa kusimama. Kwamba baba yake hamwiti mtu mara mbili kirahisi, lakini safari hii amesema ataniita. Kwamba nitakachotakiwa kufanya ni kukaa. Tu. Alilirudia hilo neno. Nikamwambia nimekusikia mama watoto, na kweli nilimsikia.

Lakini kukaa si mpango. Jumamosi ijayo Mwanyumba anaweza kufika saa nne kasorobo, na tutakuwa palepale. Nimelifikiria asubuhi yote na nimeona mzizi wa tatizo. Viti ni vitatu kwa sababu nafasi ni ndogo. Nafasi ikiongezeka, kiti cha nne kitapatikana, kiwe changu moja kwa moja, asiweze mtu kukikalia kwa kupita njia. Najua sheria za Visiwa zinataja wachezaji watatu. Sheria ziliandikwa wakati wa ubao.

Basi mchana huu, wakati mke wangu kaenda kumpelekea baba yake dawa, nimefungua faili la mipangilio nione tumepewa ngapi hasa. Sikuamini macho yangu. Palikuwa pameandikwa 2. Ombi la kumi na sita, barua ya kurasa mbili, nakala kwa Kobe, na wametupa mbili. Mzee wa watu amecheza siku nzima kwenye giga mbili, akitabasamu, bila kulalamika. Ndiyo maana mimi nilikosa pa kukaa.

Kompyuta itakuwa kwa Mama mkwe kuanzia kesho na nimeagiza isiguswe na mtu hadi Jumamosi saa nne. Nimefuta 2. Nimeandika 32.